Leo Siku Gani?

Mikono yangu haisikii moto. Kwa mtu anayepiga pasi kwa dobi, watu huiona hiyo kuwa bahati. Tajiri wangu hujisifu kwa wateja: "Mwoneni huyu, anashika chuma cha moto kama anashika mkate." Hajui kwamba mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi, wa kulia umebakiza kidogo tu, na kwamba kila jioni mke wangu hunikagua viganja kama mwalimu anayekagua kucha, akitafuta nilipoungua bila habari. Hakosi kupata. Humwambia asijali, siumii. Hunijibu, "Hilo ndilo ninalojali."

Nilikuwa bondia kwa miaka kumi na mmoja. Waliniita Taratibu, mwanzoni kwa kejeli, kwa sababu sikuwa na haraka ya kumwangusha mtu. Nilimchosha mpaka aanguke mwenyewe. Mashabiki wengine walisinzia, sikatai. Mkanda sikuupata hata mmoja, na kama kuna mtu anayeyakumbuka mapambano yangu basi ni yule niliyempiga.

Katika kila pambano, kwenye kona yangu alikaa Kiraka. Mchana alikuwa fundi viatu, na jioni aliziba nyuso za watu: ukichanika nyusi, pamba yake na mafuta yake vilikufunga kabla dakika ya mapumziko haijaisha. Hakuruhusu mtu mwingine anifunge bandeji mikononi. Tulikula sahani moja. Ndiye aliyenisimamia ndoa yangu, na pete akaisahau nyumbani kwake.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Nikikaa kwenye kigoda, kabla hata ya maji, ananishika kidevu na kuniuliza, "Leo siku gani?" Nikipatia, narudi ulingoni. Nikikosea, anatupa taulo. Ulikuwa utaratibu mzuri, maana marefa wengine hawaoni kitu mpaka mtu alale chali. Ulikuwa na kasoro moja tu, ambayo sisi watu wazima wawili tulikaa nayo miaka kumi na mmoja bila kuiona: mapambano yote yalikuwa Jumamosi.

Pambano la mwisho, raundi ya saba, nilipigwa ngumi ya sikio. Kuanzia hapo sina kitu, nilisimuliwa tu. Nilikaa, akaniuliza, nikajibu "Jumamosi" kwa sauti safi kabisa, akanirudisha. Raundi ya nane vilevile. Ya tisa nilianguka. Niliamka hospitali baada ya siku nne, na mkono wa kushoto kama wa mtu mwingine. Muuguzi akaniuliza leo siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Ilikuwa Jumatano.

Kiraka alikuwa mlangoni, akasikia. Aliweka mfuko wa machungwa sakafuni, akaondoka. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Watu hudhani nilimchukia. Ningependa iwe hivyo, maana chuki nayo ni kitu, mtu anaweza kuamka nayo asubuhi. Mimi sikuwa na hasira wala hamu. Akivuka barabara ili asikutane na mimi, nilimwona akivuka, basi. Mke wangu alikasirika kwa niaba yetu sote.

Jumanne iliyopita binti wa Kiraka aliingia kwa dobi mikono mitupu, bila nguo ya kufua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekua."

"Baba amelazwa. Anatakiwa apasuliwe tumbo kesho, daktari anasema wiki hii ikipita ndiyo basi. Amekataa kutia saini. Anasema mpaka akuone wewe."

Nilizima pasi. Njiani alinishukuru mara tatu, nami nilikuwa nikifikiria mashati niliyoyaacha bila kunyooshwa.

Kiraka alikuwa amekwisha, yamebaki masikio. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, nikamshika mkono. Hakuniuliza hali. Miaka kumi na tisa, na bado mtu wa kona: dakika moja, swali moja.

"Uliponijibu siku ile," akasema, "ulikuwepo?"

Nilitafuta. Ukweli ni kwamba hakuna kitu mle kichwani. Nikaona nimdanganye. Mdomo wangu ni hodari wa kujibu bila mimi.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilikuona vizuri. Ulivaa lile shati lako la kijani."

Akafumba macho. "Lilikuwa jeupe."

Binti yake akatazama dirishani.

"Jeupe, Taratibu. Nilinunua jipya kwa ajili ya picha. Ninalo mpaka leo. Nililifua usiku uleule, nikalifua tena na tena. Damu yako haikutoka."

"Ulifulia maji gani?"

"Ya moto. Yanayochemka."

Kuna mambo ambayo sihitaji kuhisi chochote ili niyajue.

"Damu haifuliwi kwa maji ya moto," nikamwambia. "Unaipika, inashika kwenye uzi, haitoki tena. Inataka maji baridi. Hata mtoto anajua, bwana!"

"Sikujua."

"Basi hilo ndilo kosa lako. Lingine sina la kukudai. Na lile swali tulilitunga wote wawili, wapumbavu wawili."

Mdomo ulimcheza, sikujua kama atalia au atacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akamwambia binti yake alete kalamu.

Alipoanza kutia saini, karatasi ikawa inamtoroka juu ya blanketi. Nikamshikilia ile karatasi. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa karibu naye, lakini niliuondoa, nikaweka wa kulia, ule unaosikia.