Maji ya Matanga ya Onyango

Zamani ugonjwa wa kuhara ulipoingia kijijini, wazee waliziba njia kwa matawi ya miiba na hakuna aliyekula nje ya boma lake. Siku hizi mtu akifa kwa ugonjwa huohuo tunakodi mahema na vipaza sauti ili watu mia tatu waje kunywa kutoka pipa moja.

Lynnet, binti wa jirani yangu Nashon, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea afya ya umma. Kila likizo alikuja kwangu na madaftari yake, kwa sababu mimi, niliyeacha shule darasa la nne na kujifunza mengine kwa magazeti ya kufungia nyama, ndimi pekee kijijini niliyetaka kuyasoma. Aliniita Kwara, yaani babu. Vijana walimwita daktari wa vyoo. Hakukasirika. Alisema ni kweli, muhula mzima walipima hatua kati ya vyoo na visima.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Onyango, mdogo wake Nashon, alirudi kutoka kuvua kisiwani Mfangano akihara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Alifariki siku iliyofuata. Choo alichotumia kilichimbwa na mwenye vyumba vya kupangisha wavuvi, hatua kumi na mbili upande wa juu wa kisima chetu. Enzi za baba yangu mtu asingethubutu kuchimba pale hata shimo la mgomba.

Lynnet alipiga simu kwa wakubwa wa afya. Wakamwambia watafika Jumatatu. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Akajaza maji ya kisima kwenye kichupa chenye dawa aliyokuja nayo kutoka chuoni, akakiweka dirishani kwangu.

"Yakigeuka meusi, Kwara, yana kinyesi."

Asubuhi ya mazishi nilikitazama kabla sijanawa uso. Kilikuwa cheusi kama kitako cha chungu. Lynnet alipofika alikitazama, akaenda kuchukua klorini.

Alitia klorini kwenye pipa la kwanza. Waombolezaji walionja wakatema.

"Yananuka mochari!" alisema Omondi, mpwa wa marehemu, akalimwaga. Akina mama wakalijaza tena kisimani.

Lynnet akasimama mbele ya pipa, mikono juu ya kifuniko. "Msinywe. Haya ndiyo yaliyomuua baba mdogo. Tuchemsheni kwanza."

"Daktari wa vyoo amehamia jikoni!" Omondi akasema, na hema zima likacheka.

Awino, dada wa mjane, hakucheka. Alimjia na kikombe. "Tangu jana hujagusa chakula wala maji ya baba yako mdogo. Kwetu anayekataa cha matanga anajua marehemu aliliwa na nani."

Kicheko kilikatika. Nashon aliinamisha kichwa. Neno la uchawi kama hilo likishatamkwa mbele ya watu, msichana hawezi kuolewa upande huu wa ziwa, na mama yake hatasalimiwa sokoni.

Wote wakanigeukia, maana ndimi mzee niliyebaki. Nilikuwa nimekiona kichupa. Ningeweza kusema, "Zibeni njia," kama baba yangu alivyosema. Lakini nani leo anamsikiliza mzee? Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

"Onja tu, mjukuu wangu," nikasema. "Usitie nyumba aibu."

Alinitazama. Kisha akanywa kikombe chote, hadi tone la mwisho, akamrudishia Awino kwa mikono miwili, kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake. Watu wakapumua. Foleni ikaanza kwenye pipa.

Jumapili Lynnet hakutoka nje. Hadi usiku, kulikuwa na wagonjwa tisa katika maboma manne.

Mara ya mwisho nilimwona Jumatatu alfajiri. Walikuwa wamemfunga kwa leso kwenye bodaboda, kati ya dereva na baba yake, kumpeleka hospitali. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka kama magamba ya samaki. Aliponipita aliinua mkono. Nikadhani ananiaga, nami nikainua wangu. Walipopotea kwenye kona ndipo nikageuka kule alikokuwa akielekeza kidole: mke wa Omondi, ameinama, anatumbukiza ndoo kisimani.