Dari la Sauti ya Mama Ndelilio

Filbert alikuwa mwalimu wa kwaya aliyeamini kwamba Mungu ana uziwi kidogo. Katika kigango chake, juu ya mji wa Moshi, kila wimbo uliopita mkononi mwake ulitoka umevimba sauti, naye akauita uvimbe huo nguvu ya Roho.

Flavia hakuwahi kumsifu. Mama yake Flavia, Ndelilio, mwanzishaji wa nyimbo za kwaya hiyo, alifariki kabla ya Pasaka na kuacha sauti yake katika rekodi ya wimbo mmoja tu. Sasa Krismasi ilikuwa inabisha hodi, ukoo wote unapanda kutoka Dar, na Flavia alitaka wausikie wimbo huo nyumbani, baada ya misa ya kumbukumbu.

Lakini Filbert alishauona "mdogo". Majirani wa ng'ambo ya korongo huelekeza spika zao kwake kila sikukuu, na yeye si mtu wa kushindwa. Akaipandisha sauti ya wimbo hadi mwisho kwa programu ya simu, akauhifadhi juu ya ule wa awali, akawatumia wanakwaya pamoja na amri: futeni ule dhaifu mlio nao. Wakafuta. Kondoo wa Bwana, na akili zao zilezile za kondoo.

Flavia akashuka mjini, mtaa wa Njoro, kwa Hafidhi, fundi wa muziki. Filbert akamfuata, asije akasemwa nyuma ya mgongo. Hafidhi akafungua wimbo. Pale Ndelilio alipopandisha sauti, spika ikakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Mimi," alisema Filbert kwa fahari. "Kama imezidi, si upunguze?"

Hafidhi akapunguza. "Haya. Sasa inakwaruza polepole."

"Punguza tena."

"Mwalimu, faili lina dari, sauti haiwezi kupita hapo. Umemsukuma mama wa watu juu mpaka kichwa kikakatwa na dari. Hata nikimshusha, kichwa hakioti."

Flavia akamgeukia Filbert. "Ugonjwa ulimchukua mama ukashindwa kumharibu sauti. Umeweza wewe, mwalimu."

Aliyewaokoa alikuwa Fabian, binamu yake Flavia na mwanakwaya, mvivu ambaye hata kikombe chake huoshwa na mvua. Wimbo wa awali bado ulikuwa kwenye simu yake.

"Nilisema nitafuta kesho," alijitetea.

Hafidhi akatafuta mahali sauti ilipokuwa kubwa kuliko pote, akaupandisha wimbo mzima mpaka pale pakakaribia dari, kisha akaacha nafasi kidogo, maana faili likibanwa liwe jepesi kutumwa kwa simu, mawimbi yake ya sauti huweza kuruka juu kidogo. Ndelilio akatoka safi, mpaka pumzi yake ikasikika.

"Bado ndogo," alisema Filbert.

"Na kitufe cha spika ni cha nini, mwalimu? Pambo?"

Siku ya misa, uani, ukoo ukiwa umeketi kandokando ya migomba, Filbert alianza kuinyemelea spika, vidole vikimwasha. Flavia akamuwahi. Akamshikisha sahani ya nyama mkono mmoja, na mkono wa pili kata ya mbege, pombe ya ndizi, iliyojaa hadi ukingoni.

"Karibu, mwalimu. Ila usimwage, wazee wanakutazama."

Filbert akasimama wima kama mlingoti, hathubutu hata kukohoa. Flavia akaenda kwenye spika kumfungulia mama yake.