Kofia Yenye Matundu Matatu

Kwa Mjomba vyombo vilisomwa kwa mafundo. Mimi ndiye niliyepita majumbani kukusanya vilivyotoboka: masufuria, madele ya kahawa, mabirika. Nikifika mlangoni nakiinua chombo juani, nahesabu matundu, nahesabu tena, kisha nafunga uzi wa katani mkononi mwa chombo, fundo moja kwa kila tundu. Mjomba hakusoma herufi za Kizungu, lakini uzi aliusoma kwa kidole gumba. Mafundo matano, anaziba matano. Akimaliza naye anakiinua juani. Nuru ikipenya hata ya ncha ya sindano, anasema, "Bado kuna nyota," anakirudisha motoni.

Hakuna chombo kilichotoka kwa Mjomba na nyota. Na hakuna kilichoruka zamu. Vilipangwa chini ukutani kwa jinsi vilivyofika. Mke wa liwali alingoja, muuza pombe alingoja. Hizo ndizo zilikuwa sheria mbili za kibanda chetu cha fundi bati pale sokoni Mbeya, miaka ya hamsini, na zote mbili nilizitumia kumuua mzee mmoja bila kumgusa.

Mzee huyo alikuwa Mrusi. Alisimamia shamba la kahawa njia ya Mbozi, shamba ambalo halikuwa lake. Wazungu wenzake hawakumwalika kunywa chai, kwa sababu hakuwa na gari, wala mke, wala nchi. Nchi yake ilichukuliwa na watu wake mwenyewe, ndivyo alivyosema. Alichobaki nacho ni kikosi. Kikosi chenyewe kilikuwa kimekwisha kufa, lakini yeye alikilisha kila siku.

Huwezi kupata sufuria nyumbani kwake bila kusikiliza kikosi kwanza. Niliichukulia kuwa gharama ya biashara. Mimi barazani na kapu langu, yeye kwenye kiti cha kamba, na Kiswahili chake cha amri: "Wewe simama. Sikia." Kilikuwa kikosi cha askari wa miguu, walinzi wa Kaisari wa Urusi. Kaisari aliyekianzisha alikuwa na pua fupi iliyoinuka, basi askari wakachaguliwa kwa pua. Kila mwaka vijana walipangwa mstari katika ukumbi mkubwa, mkuu mmoja anapita akitazama. Weupe wa nywele kikosi hiki, weusi wa nywele kikosi kile, na wenye pua fupi, kwetu! Anamwandika kijana mgongoni kwa chaki, basi maisha yake yameamuliwa.

"Na asiye na pua?" nilimuuliza siku moja.

Akanishika pua yangu kwa vidole viwili, akaipima huku na huku kama mtu anayenunua nyanya. "Wewe," akasema, "wewe punda wa mizigo."

Nilicheka. Mchuuzi hucheka; ndiyo mtaji wake. Ila vidole vile nilivihesabu.

Shambani alifanya vivyo hivyo. Vibarua walioshuka milimani kutafuta kazi aliwapanga mstari na kuwachagua kwa pua. Mtu ametembea siku mbili na mfuko wa mahindi ya kuchoma, anaambiwa arudi kwa sababu pua yake ni ndefu. Waliokubaliwa walisimama kila asubuhi kwa urefu, wakahesabiwa. Aliyechelewa hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakulipwa, hata akilima hadi magharibi.

Mpishi wake alikuwa Mnyakyusa, mtu mzima, mpole. Mimi nimeoa Mnyakyusa, kwa hiyo tuliitana shemeji na kutaniana juu ya mahari ambayo sikuimaliza. Msimu mmoja wa mvua mpishi aliunguza supu. Mrusi hakumpiga. Alimpa sufuria ile ile, akamsimamisha uani akiwa ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana, mvua ikinyesha. Sufuria ikijaa maji, anaambiwa amwage, ainue tena. Mimi nilimkuta katika saa ya pili ya adhabu hiyo. Mrusi alikuwa barazani anaandika historia ya kikosi katika madaftari yake ya shule.

"Askari wangu walisimama zaidi," aliniambia bila kuinua macho.

Tangu siku ile mabega ya shemeji yangu hayakupanda tena sawasawa. Chumvi iliyokaa rafu ya juu alimwomba mtu amshushie.

Sasa, kofia. Ilikuja siku ya Jumatano, mpishi akiwa ameifunga katika kitambaa cha meza. Ilikuwa ndefu, imechongoka juu, mbele sahani ya shaba yenye tai wa vichwa viwili, nyuma kitambaa kilicholiwa na nondo. Sahani ilikuwa imelegea. "Anasema ikazwe na ing'arishwe," mpishi aliniambia. "Kesho kutwa anakuja Mrusi mwenzake kutoka Iringa. Shemeji, hiyo kofia ndiyo roho yake. Usiiangushe."

Akaniambia na sababu, maana miaka mingi ya kupakua chakula ilimfundisha mambo ya kikosi kuliko maofisa wengi. Mgeni wa Iringa, mkulima wa tumbaku, ndiye aliyekuwa akikusanya majina ya maofisa waliobaki hai, ayapeleke Ulaya, yachapwe mwishoni mwa kitabu cha kikosi. Baada ya hapo kitabu kinafungwa. Na huko Ulaya kulikuwa na maneno kwamba Mrusi wetu hakuwa ofisa wa kikosi kile kamwe. Ati alikuwa karani wa magari ya unga. Karatasi hana. Ana kofia tu.

"Basi akubaliwe, tupumzike," nilisema.

Nikaiinua juani, kwa mazoea. Nyota tatu katika ile shaba. Nikahesabu tena: tatu. Mkono wangu ukafunga mafundo matatu kabla kichwa hakijaulizwa. Mpishi alikuwa amekwisha geuka kurudi jikoni. Mimi nikajiambia, mzee atafurahi, ameomba kukaziwa, anazibiwa na matundu.

Mjomba aliifanyia kazi kama anamfanyia sultani. Alikata vipande vitatu vya shaba, akavilehemu kwa ndani, akapiga msasa usoni hata kidole hakikujua palikuwa na nini. Akaiinua juani. "Nyota hakuna," akasema, na kuifuta kwa kanzu yake.

Niliifikisha Ijumaa asubuhi. Wazee wawili walikuwa barazani na birika la chai kati yao. Mgeni alikuwa mfupi, safi, na pua yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ile ile ya Kaisari. Mrusi wetu alifungua kitambaa kwa mikono miwili, kama anafungua mtoto mchanga. Mgeni akaipokea. Halafu akafanya kitu nilichodhani ni cha Mjomba peke yake: akaiinua juani.

Akaizungusha. Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama. Akaitazama tena kofia.

Walisemezana maneno machache kwa lugha yao. Sikujua Kirusi, lakini uso wa mtu aliyepunjwa naujua kwa lugha zote. Mrusi alininyakua shingo ya shati.

"Matundu wapi? Wapi matundu?"

"Yamezibwa, bwana. Yote matatu. Kazi safi."

Alinipiga makofi mawili. La kwanza nililitegemea.

Hapo ndipo niliposikia sura ya historia aliyokuwa hajanifikisha, na niliisikia kwa kelele, mate yakinirukia. Kikosi kilipigana na Wafaransa zamani za mababu, hakikurudi nyuma, na Kaisari akaamuru kwamba kofia zilizotobolewa na risasi zivaliwe hivyo hivyo milele, zisizibwe. Miaka mia na zaidi askari walirithishana matundu. "Tundu ni medali!" alipiga kelele. "Medali, wewe punda!"

Mgeni alisubiri amalize. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mwenzake, "Wewe uliyaona?"

"Niliyahesabu mara mbili, bwana. Matatu."

"Karatasi yangu pia inasema kofia hii ina matatu." Akatikisa kichwa. "Lakini kiraka ni kiraka. Chini yake pengine ni msumari. Risasi ina mdomo wake, nikiuona nitaujua." Akasimama, akavaa koti. "Basi la Iringa linaondoka saa sita. Nitakuwa kituoni. Nikiuona mdomo wa risasi, naandika jina. Nisipouona, siandiki, na barua inaondoka na posta ya leo."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Kuzibua ni kazi rahisi: ukiipasha moto, lehemu inayeyuka, vipande vinaanguka, matundu yanarudi yalivyokuwa. Dakika kumi za mvukuto. Ningemwambia palepale. Shavu langu lilikuwa likiwaka, sikumwambia. Nilitangulia kwa baiskeli.

Walifika kibandani karibu saa tano kwa miguu, yeye na mpishi, mpishi amebeba kofia. Mvua ya Mbeya ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na haraka. Mrusi alisimama nje ya bati letu, akavua kofia yake ya jua. Sijawahi kuona Mzungu akimvulia kofia fundi bati.

"Mzee," alimwambia Mjomba. "Tafadhali. Fungua matundu."

Mjomba alinitazama. Yeye hakujua habari za makofi. "Inafunguka, bwana, kwa nini isifunguke. Zamu yako tu ifike. Ngapi ziko mbele, mpwa wangu?"

Nilihesabu vyombo ukutani. "Vinne, Mjomba."

Vinne ni robo tatu ya saa, Mjomba akienda mwendo wake. Angewahi. Mrusi naye alihesabu. Niliona midomo yake. Akavuta pumzi, akasimama wima.

Mpishi aliiweka kofia chini, mwisho wa mstari. Alipoinuka alishika bega lake, akakaa hivyo kidogo, akinitazama. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu:

"Shemeji, hesabu tena."

Nami si mtu wa kuhesabu mara moja. Niliingia ndani, kwenye rafu ya vyombo vilivyokwisha, nikashusha dele, sufuria na birika, nikafunga uzi wenye mafundo katika kila kimoja. Nikavipanga mbele ya kofia.

"Saba," nilisema. "Samahani, Mjomba. Vilikuwa saba."

"Saba," alikubali Mjomba, ambaye aliniamini katika hesabu kuliko alivyojiamini mwenyewe, akavuta mvukuto.

Mrusi angeweza kupiga kelele. Angeweza kuingia na kunyakua koleo. Nani angemzuia Mzungu mwaka ule? Sijui kwa nini hakufanya. Nadhani mstari ulimshinda. Mtu aliyepanga watu maisha yake yote, ukimweka kwenye mstari anasimama. Alisimama visigino pamoja, mikono ubavuni, maji yakimtiririka shingoni. Mpishi alisimama chini ya bati, pakavu. Watu wa sokoni walipunguza mwendo kumtazama. Mama mmoja wa viazi alisema, "Huyu Mzungu amepata adhabu gani?"

Chombo cha tano Mjomba alikigeuza, akakipapasa. "Hili dele mbona zima?"

"Lina nyota ndogo, Mjomba. Tazama vizuri."

Alitafuta nyota ile muda mrefu. Ilikuwa hapo, wakati anaitafuta, tuliposikia honi ya basi la Iringa ikipanda kilima. Mrusi hakugeuza kichwa. Midomo yake tu ilihesabu tena: tano, sita.

Zamu yake ilipofika Mjomba aliipasha sahani ya kofia, akaigonga kidogo, vipande vitatu vikaanguka majivuni. Akatwaa uzi wa Jumatano, akafungua mafundo yake moja moja, kama ilivyo desturi kazi ikitenguliwa. Mvua ilikuwa imekatika. Akaiinua juani, na kwa mara ya kwanza maishani alisema kwa furaha, "Haya, nyota tatu."

Zilikuwa na midomo. Kingo za shaba zimekunjwa ndani, laini kwa kuguswa na vidole vya miaka. Hata mimi, punda wa mizigo, niliona kwamba msumari haufanyi hivyo.

Mrusi aliuliza malipo. Mjomba alikataa: kutengua si kazi. Mzee akaivaa kofia kichwani, palepale sokoni, akapita katikati ya wauza viazi hadi barabara ya Mbozi. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mpishi alimfuata nyuma hatua kumi.

Alikufa msimu uliofuata. Mpishi alisema madaftari alikuwa ameacha kuyaandika, na vibarua walikuja kazini bila kuhesabiwa. Katika kitabu chao sikuwahi kuuliza kama jina limo. Basi la Iringa lilikwisha nijibu.

Mjomba naye amekwenda, bila kujua. Mpishi tulikutana msibani kwa wakwe miaka mingi baadaye, tukazungumza mahari na mvua. Habari ya kofia hakuigusa, nami sikuigusa.

Vilikuwa vinne. Nimehesabu tena. Ni vinne.