Vijidudu vya Dani Helen

"Yule mama anafuga wadudu wa kuroga," Liz alimwambia jirani yake Dorine huku akianika nguo uani. "Kila asubuhi yuko kijitoni, anapindua mawe. Wewe nenda tu."

Dorine si mtu wa kubishana. Nguo za mtoto zilikuwa zimerundikana, na kijito kinachopita nyuma ya soko la Migori ndicho kilichokuwa karibu. Alimfunga Cliff mgongoni, akajitwika ndoo, akateremka.

Dani Helen, bibi muuza dagaa wa omena, alikuwa majini, gauni kalifunga magotini. Aliinua jiwe, akalisugua taratibu juu ya beseni jeupe. Dorine alisimama mbali, akaikaza leso.

"Sogea, nyathina, sogea mwanangu," bibi alisema. "Hawa hawaumi."

Ndani ya beseni vilitambaa vijidudu vyenye mikia mitatu, vyembamba kama uzi. Kikundi chao cha kutunza kijito kilifundishwa hivi, Dani alieleza: hawa wakiwepo, maji yako hai. Upande wa chini, maji yakishaipita gereji iliyo kando ya kijito, walikuwa wametoweka, na ndiko watoto wanakooga. Kikundi kilimsihi mwenye gereji mpaka akachimba shimo la oili chafu, isimwagike tena kijitoni. Sasa inabidi mawe yapinduliwe, ijulikane kama wanarudi.

"Watu wanasema unaroga nao," Dorine alisema kwa sauti ya chini.

"Si ningeroga omena yangu iishe mapema, niende nikalale?" Dani alicheka, kisha uso ukamtulia. "Wenzangu wameliogopa hilo jina, wameacha mmoja mmoja. Sasa wanawake wamenishtaki kwa mzee wa mtaa, nikatazwe kushuka hapa. Nikiondoka, nani ataangalia?"

Dorine aliyatazama maji. Jana tu alimwogesha Cliff kwa hayo hayo, na hakujiuliza lolote. Alitumbukiza kidole kwenye beseni. Kijidudu kimoja kikakipanda, kikatulia pale, chepesi kiasi kwamba hakukihisi.

Dani alimwangalia, halafu akamwangalia mtoto aliyelala.

"Kesho mzee anakuja, na wanawake wote watakuwa hapa wakifua. Mimi hata niseme nini, hawataniamini. Lakini wanajua hakuna mama anayenyonyesha atakayemsogeza mwanawe kwenye uchawi. Nakuomba wewe mama yake, min Cliff. Njoo naye hivyo hivyo mgongoni, unishikie beseni hili mbele yao."