Nuria Alibalia Makaa Mingi

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima pale Garissa hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu. "Mwalimu," akasema, "hivyo visigino vitazama mchangani. Nenda sokoni ununue ndara, halafu urudi tuzungumze kazi." Nilikasirika kweli! Nimetoka Taita na viatu vipya vya kuanzia kazi, na bwana huyu hata karibu hajaniambia. Jioni nikanunua ndara.

Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha ngumbaru, yaani watu wazima ambao hawakupata shule utotoni. Tulianza na neno zima. Unaandika "maji" ubaoni, darasa linasoma, kisha unalikata: ma, ji. Silabi hizo unazichanganya na nyingine mpaka mtu aone maneno mapya yanatoka. Hatua ya kwanza ilikuwa kunakili, mtu afuate kilicho ubaoni. Hatua ya mwisho ilikuwa kutunga, aandike la kwake kutoka kichwani. Msidhani ni safari fupi.

Nilifundisha mjini kidogo, nikahamishiwa Sangailu, kisha katikati ya miaka ya tisini nikapelekwa Balambala, darasa la wanawake. Walinakili vizuri ajabu, mwandiko safi kuliko wangu. Lakini futa ubao uone! Wanakutazama tu, na wewe unawatazama. Mkaguzi alipokuja mwezi wa Novemba alilibaini hilo mara moja. "Hawa wanachora, Mwalimu. Nitarudi. Nisipopata hata mmoja aliyeandika lake mwenyewe, Januari nafunga darasa."

Habiba, mama wa makamo aliyeuza maziwa sokoni, alinifuata nje. "Abaayo, asifunge," akaniambia. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Nyumbani kila mtu naniita. Habiba maji, Habiba chai, Habiba mbuzi iko wapi. Hapa hakuna mtu naniita. Nakaa tu na kichwa yangu." Maneno yake yalinikaa rohoni.

Ikafika wiki ya kabla ya Krismasi. Barabara haikuwa salama miaka ile, mabasi yalisafiri kwa msafara wa polisi, na gari la kunitoa Balambala halikutokea. Nuria, mwanafunzi wangu pia, jirani na rafiki wa Habiba, alinikuta mlangoni nimejiinamia.

"Mwalimu, hukwenda Kenya?"

Kwa watu wa huko, ukivuka daraja la Tana ndipo umeingia Kenya. Nikamwambia sikwenda, na Krismasi bila keki kwetu si Krismasi.

"Keki? Si ni doolsho hiyo!" akasema. "Tutabika hapa hapa." Kisomali hakina p, kwa hiyo kwao kupika ni kubika.

Basi kila siku baada ya alasiri walikuja wote wawili, yeye na Habiba. Shule kimya, ofisi kimya, na sisi tunakoroga unga. Nuria alileta samli na iliki, Habiba maziwa. Oveni hatukuwa nayo. Sufuria ya keki tuliiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini, na makaa mengine tukayapalia juu ya mfuniko. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya, ila kila jioni nilihesabu siku zilizobaki kufika Januari.

Siku moja tulimwachia Nuria jiko. Huyo naye akapalia kama anachoma mbuzi. Tulipofunua, keki nyeusi tititi! Habiba alimfokea, Nuria akacheka akaenda zake. Nikabaki mimi na malalamiko ya Habiba. Nilimwambia apunguze, Mwalimu. Hasikii, Mwalimu. Unga yote imeharibika, Mwalimu. Mimi pia nina hasira zangu, na nilikuwa nakanda unga wa mandazi ili tusilale njaa. Nikapasuka: "Habiba, nimechoka! Kama ina uchungu hivyo, iandike!"

Nilisema ili anyamaze tu. Yeye akachana mfuko wa unga, akaokota kipande cha mkaa, akakaa chini. Nilipogeuka, nikasoma:

NURIA ALIBALIA MAKAA MINGI. DOOLSHO IMEUNGUA FIBAYA. NILISEMA BOLEBOLE. NURIA HASIKII.

Wee! Nikachukua kalamu haraka nimsahihishie, "alipalia", "vibaya", "polepole", iwe safi ya kuonyesha watu. Sijagusa herufi, honi ikalia nje. Mkaguzi! Alikuwa anamaliza ziara ili awahi kwao. Nuria naye akarudi mbio kuangalia gari.

Nikampa Mkaguzi ile karatasi, nikamwambia ni ya Habiba. Akaniona na kalamu mkononi, akakunja uso. "Wewe umeandika, yeye amenakili."

Nitathibitishaje? Akasoma kwa sauti, akakwama. "Bolebole ni nini?"

Habiba akamshangaa. "Hujui bolebole? Si ile usifanye haraka?"

Mkaguzi akaitazama tena karatasi, halafu akaanza kucheka mpaka akavua miwani. "Hakuna mwalimu wa kuandika 'bolebole' ubaoni. Mama, hii ni yako."

"Mwongo huyo!" Nuria akadakia. "Makaa ililetwa na yeye!"

"Basi na wewe andika," Mkaguzi akamwambia.

Nuria akanyakua mkaa, akaandika chini yake, herufi zimelala upande: HABIBA ALILETA MAKAA MBAYA.

"Darasa linabaki," akasema Mkaguzi. Niliketi juu ya gunia nikalia mbele ya mkubwa wangu, bila aibu. Ni kama mtu amenitua mzigo ambao nilishasahau uzito wake. Mandazi yalipoiva, Habiba alimpa Mkaguzi ya kula njiani.

Baadaye nilihamishiwa Buna, kisha nikarudi Garissa ofisini mpaka nikastaafu. Nimeitwa bingwa wa kusahihisha, lakini tangu siku ile kazi ya kwanza ya mtu sikuigusa kwa kalamu mpaka niisome yote. Vijana huniuliza, ngumbaru aliyezeeka ataandika ili iweje? Mimi huwaambia alivyosema Habiba jioni ile, akipangusa masizi mikononi, kicheko kimemjaa mpaka machoni.

"Nilimwambia Nuria kwa mdomo, akaenda zake. Nimeandika mara moja tu, abaayo, na sasa serikali yote inajua."