Mjomba Kunda Anajibu Maswali

Katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ukizikwa bila Kunda kuja, watu watauliza ulikuwa na kosa gani. Kazi yake ni kutengeneza mbabula. Anakata mapipa ya zamani, anayapiga nyundo mpaka yanakuwa majiko ya makaa, na bukari, ugali wa mtaa mzima, inaiva juu ya jasho lake. Lakini hakuna anayemjua kwa mbabula. Anajulikana kwa mdomo.

Kunda ni mtu wa ukoo wa Mbuzi. Alizaliwa Sakania, baba yake akiwa mtu wa reli, lakini ukoo alipewa na mama, maana kwao mtoto ni wa upande wa mama, na baba ni mgeni anayeheshimiwa mpaka chakula kiishe. Tangu enzi za mababu, Mbuzi ana mtani wake, ukoo wa Chui. Sababu haihitaji profesa. Wazee walipochoka kuuana, walikubaliana watukanane. Basi mtu wa Chui akimkuta mtu wa Mbuzi barabarani anaweza kumwambia "leo nakuchuna ngozi", anaweza kumvua kofia akaondoka nayo, anaweza hata kumtangazia siku ya kifo chake. Sheria ni moja tu: hakuna kukasirika. Anayekasirika amevunja utani, na anayevunja utani anatoa kuku mbele ya watu, huku wakimcheka. Ni sheria nzuri. Imeokoa damu nyingi ya wanaume.

Kunda aliishika sheria hiyo kuliko amri kumi za Mungu, ambazo ndani yake hajakuta hata moja ya kuchekesha. Katika maziko ya mzee mmoja wa Chui aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akasema shimo ni lake, Chui wameliiba, na hatoki mpaka wamletee kinywaji cha munkoyo. Abbé, padri aliyekuja kuzika, alibaki amesimama na maji ya baraka, hajui amnyunyizie yupi. Wafiwa walicheka mpaka wakasahau nani amekufa. Kuanzia siku hiyo Kunda akawa mtu mkubwa. Wengine huko wanafika kwa diploma, na wengine kwa diploma hawafiki.

Dada yake alikuwa amekufa na kumwachia msichana, Lombe. Alimlea yeye, na alimlea vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lombe alipokua akawa anauza fretins, vile visamaki vikavu, pale sokoni, na hapo ndipo Ruphin alipomwona. Ruphin alikuwa makanika wa malori, mtu wa shati safi siku ya Jumapili, na zaidi ya yote, mtu wa Chui. Kunda nusura acheze.

"Mutoto yangu," alimwambia Lombe, "ndoa ya batani haikuwake na ugomvi. Utachekaka mpaka uzeeke."

Mwaka wa kwanza Lombe alirudi kwa mjomba jicho likiwa limevimba. Kunda alimwita Ruphin, akamsimamisha mbele ya karakana, mafundi wote wakisikia.

"Weye Chui, mutoto yangu amefanya nini ku jicho?"

"Mbuzi ilikata kamba, mujomba. Nikaifunga tena."

Mafundi wakacheka. Kunda naye akacheka, akamjibu kwamba chui wa siku hizi hana meno, anabakia na kucha za kukwaruza ukuta, na karakana yote ikapiga makofi. Ilikuwa jibu zuri sana. Lombe alirudishwa kwa mumewe jioni ile ile, amebeba mbabula mpya kichwani, zawadi ya mjomba.

Kunda si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Mtu mbaya ungemchukia ukalala.

Lombe alivumilia, kisha siku moja, bila kumwambia mtu, alipita mlangoni mwa tribunali ya amani, mahakama yetu ya karibu, akaomba talaka. Jina la tribunali hiyo linanichekesha. Inaitwa ya amani kwa sababu watu hupeleka huko vita vyao. Sheria inamtaka jaji, kabla ya kuvunja ndoa, awakalishe mume na mke uso kwa uso awapatanishe. Hapo nyuma kidogo mradi mmoja ulikuwa umefika na viti viwili vya plastiki, bango la rangi na maswali. Wazo lenyewe, kwa bahati mbaya kwa sisi tunaopenda kucheka miradi, lilikuwa zuri: kabla ya jaji kuwakutanisha watu, mmoja mmoja aulizwe peke yake kama nyumbani kuna hatari. Ikiwapo, hakuna kukalishwa meza moja, na mama anatafutiwa mahali pengine pa kulala.

Neno gumu lilikuwa "peke yake". Hapa kwetu hata usingizi hatuendi peke yetu. Lombe alikuwa amekwenda kwa siri, lakini wito ulipomfikia Ruphin, siri ikazaa watoto, na siku ya kusikilizwa kila ukoo ulikuja na msemaji wake, mashangazi wake na chupa zake za maji.

Mwenye kuuliza aliitwa Delphine, asistanti sosiali, mtu wa ustawi wa jamii, binti wa watu wa Kalemie, mpole, amesomea kazi yake na anaiamini. Alimwita Lombe. Waliinuka watu wanne. Watatu alifaulu kuwarudisha kwenye benchi. Wa nne alikuwa Kunda, na Kunda alikwisha kukaa kwenye kiti cha plastiki.

"Papa, utoke kidogo," Delphine akamwambia. "Maswali ni ya mama peke yake."

"Nitoke niende wapi? Kwetu mutoto ni wa mujomba. Nani atamujibia?"

"Atajijibia mwenyewe."

"Na mimi nilikuja kufanya nini? Kuangalia ukuta?" Kunda alimtazama vizuri. "Mama, weye ni muntu wa wapi? Kalemie? Njo maana unafukuza bantu. Ba Kalemie banakulaka samaki na miiba yake, kisha banasema dunia njo iko mubaya."

Delphine akacheka. Hapo ndipo alipopotea. Ukishacheka na Kunda humtoi tena chumbani, kama vile humtoi mgeni ambaye amekwisha kunawa mikono.

"Mama Lombe," akaanza, "bwana yako amekwisha kukuambia atakuua?"

"Ndiyo," Lombe akasema.

Alisema upesi, kama mtu anayetua mzigo. Kunda alijipiga paja.

"Mama asistanti, andika muzuri. Bwana yake ni Chui, siye ni Mbuzi. Chui asipotuambia atatuua, tunamupelekaka ku hospitali, ju iko mugonjwa. Mimi mwenyewe, asubuhi hii, pale inje, ameniambia atakula kichwa yangu na pilipili. Unaona nalia?"

"Lakini mama amesema ndiyo."

"Ndiyo ya utani. Lombe, si ndiyo ya utani?"

Lombe alimwangalia mjomba wake. Kusema kwamba si utani ni kukasirika. Kukasirika ni kuku, ni aibu, ni ukoo mzima wa Mbuzi kuitwa kwenye kila kilio "wale ba moyo mwepesi", na wa kwanza kuchekwa angekuwa huyu aliyemlea, huyu asiyekuwa na kingine duniani zaidi ya mdomo wake.

"Ya utani," akasema.

Delphine akasita. Lombe alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, na ilikuwa mwezi wa kumi, wakati ambapo Lubumbashi hata mbwa wanatembea upande wa kivuli.

"Amekwisha kukushika koo?"

Mkono wa Lombe ulipanda kwenye kitambaa, ukashuka.

"Sasa chui atashika mbuzi fasi gani?" Kunda akauliza. "Ku mukia?"

Delphine alicheka tena, kwa adabu, na kicheko kikamfia mdomoni. "Mama Lombe," akasema polepole, "unaogopa kurudi ku nyumba?"

"Mbuzi haiogopake," Kunda akajibu. "Andika."

Akaandika.

Jaji alikuwa mtu mwenye mashauri mengi na feni moja. Delphine alimwambia kwamba hakuna hatari iliyoonekana. Habari ya kitambaa hakuisema, maana kati ya maswali ya mradi hakukuwa na swali la kitambaa. Basi mume na mke wakakalishwa meza moja. Ruphin alikuwa amepiga pasi hadi soksi.

"Prezida," akamwambia jaji, "mbuzi yangu ilipotea. Nimekuja kuikamata."

Jaji alicheka mpaka miwani ikateleza. Kunda akajibu kwa niaba ya mbuzi, mashangazi wakajibu kwa niaba ya Kunda, na kwa muda mfupi tribunali ya amani ikawa na amani kweli. "Bantu banaochekaka hivi habaachanake," jaji akasema, akawaambia Ruphin na Lombe wapeane mikono. Walipeana. Wa Lombe ulikuwa baridi, Delphine aliugusa alipokuwa akiagana naye.

Ilitokea mchana, siku ya Jumapili, majirani wote wakiwa uani. Walimsikia Ruphin akisema kwa sauti kubwa, "Leo nakula hii mbuzi." Walicheka, wakaendelea kuchambua mboga zao. Walimsikia akisema tena. Kisha hawakusikia chochote, na Ruphin akatoka, akafunga mlango, akawasalimia. Aliyeokoa maisha ya Lombe ni mama wa nyumba ya pili aliyekwenda kuomba kaa la moto la kuwashia mbabula yake. Bila uvivu wa mama huyo kununua kiberiti, habari ingeishia hapo.

Ruphin alifungwa. Lombe alifumbua macho hospitalini, na daktari akasema shingo itapona, lakini sauti haitarudi yote. Kunda alilia pale kando ya kitanda, kwa kweli alilia, bila mzaha hata mmoja. Wazee wa Chui walimkuta hivyo. Walikuja wamevua kofia, wakasema kijana wao amevuka mpaka wa utani, na wao, kama watu wanaojua desturi, wanakubali kosa. Walileta kuku. Mmoja, hai, amefungwa miguu, wakamweka sakafuni kati ya vitanda.

Kunda alimpokea. Angefanya nini, akasirike?

"Bameomba musamaha," alimwambia Lombe walipoondoka, akimpapasa mkono. "Bantu bazima, banajua heshima. Utapona, Ruphin atatoka, tutaongea muzuri, utarudi kwako na heshima yote."

Lombe alifungua mdomo. Kikatoka kitu kama karatasi inayochanwa. Kunda akamwambia apumzike, yeye atashughulikia maneno.

Lombe alipotoka hospitalini, tribunali ikaliita upya shauri la talaka. Ruphin alikuwa bado gerezani, kwa hiyo Chui walituma wazee wawili wamsemee, na Kunda akaja kumsemea Lombe, safari hii akiwa na sababu ambayo hata daktari angeitia sahihi. Alikuja pia na taksi ya rafiki yake Stéphane, ingoje nje, imrudishe Lombe nyumbani.

Delphine alikuwa amehamisha vile viti viwili. Aliviweka katika chumba cha nyuma, kati ya mafaili yenye vumbi, kwa sababu ni chumba pekee cha tribunali chenye mlango wenye ufunguo. Kunda alimkuta kizingitini.

"Mama, sasa huyu haiko na sauti. Utamusikia namna gani? Leka nimusemee."

"Nitainama," Delphine akasema, akafunga mlango.

Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Alimuuliza maswali yale yale, na Lombe akajibu kwa mnong'ono, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka maswali yakaisha. Kisha Delphine akauliza lile ambalo mara ya kwanza alijibiwa na mtu mwingine, ila aliligeuza kidogo.

"Unaogopa nani?"

Lombe akafikiri. Nje, Kunda alisikika akiwaambia wazee wa Chui kwamba wananuka zizi.

"Mujomba," Lombe akanong'ona.

Delphine alidhani amesikia vibaya. Akainama zaidi. "Mujomba? Anakupigaka?"

"Hapana. Ananipendaka." Alimeza mate kwa shida, akangoja maumivu yapite. "Ruphin akitoka, atanirudisha. Atacheka nabo, kisha atanirudisha."

Safari hii Delphine hakungoja swali la mradi. Alikwenda kwa jaji kwa mlango wa ndani, akasema yote, kitambaa pia, kicheko chake mwenyewe pia. Jaji alisikiliza akiwa amevua miwani. Hakuwakutanisha watu. Aliamuru Lombe akae mahali ambapo tribunali itapajua na familia haitapajua, wala ya Chui wala ya Mbuzi, na masista wawili wakampitisha uani, penye bomba la maji, mpaka kwenye gari lao.

Ndipo Delphine akatoka nje. Kunda alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika mfuko wa nguo za Lombe.

"Papa Kunda, Lombe ameisha kuenda. Jaji amemupangia fasi ya kukaa. Haturuhusiwi kusema ni wapi."

"Kwa ba Chui, sawa. Mimi ni mujomba."

"Hata kwa mujomba."

Kunda aliangalia uso wake, kisha uso wa karani aliyekuwa akipita, kisha tena wake, akitafuta nani ataanza kucheka.

"Nilimufanya nini?" akauliza.

Jibu Delphine alikuwa nalo. Lakini alikuwa amepewa jibu hilo mlango ukiwa umefungwa, na mlango huo ulikuwa umechelewa sana kufungwa hata yeye aufungue tena. Alichukua ule mfuko wa nguo, akasema utafika, akarudi ndani.

Kunda alibaki pale, mikono mitupu. Kwenye benchi, mmoja wa wazee wa Chui alijisogeza kidogo kumpa nafasi, akapangusa ubao kwa kiganja. Kunda akaenda akakaa.