Mkwe Niliyembeba Bila Kumtazama

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningemsikia mtu akisimulia haya ningemwambia apunguze pombe ya busaa. Lakini siku hiyo sikuwa nimeonja kitu, na gari lenyewe liko kwa kaka yangu hapa Kitale, ukitaka uje ulione.

Mke wangu alikuwa hospitalini Bungoma, uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto hatoki. Alikuwa akimlilia mama yake tu. Shemeji yangu akanipigia simu: mama atakungoja pale kwa mashine ya kusaga mahindi, mchukue umpeleke haraka. Nikaazima gari la kaka. Mvua ilikuwa inanyesha na jua linakaribia kuzama. Nikamwona mama amesimama, leso kichwani. Sasa, kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe hawatazamani. Nikainamisha macho, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikazunguka hadi kwenye usukani. Hata kioo cha ndani nilikigeuza kielekee juu. Ndivyo nilivyolelewa.

Mbele ya Kiminini lori lilikuwa limelala barabarani. Nikakata kuelekea Tongaren ili nitokee Webuye. Simu ilikuwa imeisha chaji, na kule ndani ni mahindi kulia, mahindi kushoto, kila njia panda inafanana na ile uliyoiacha. Nikawasha GPS ya kaka, kitu cha zamani kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, kimekaa miezi bila kuguswa. Ikaandika kwamba inatafuta setilaiti. Ikatafuta, ikatafuta. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi. Niamini, machozi yalinilengalenga. Mke wangu anakufa, na mimi nazunguka kwenye mahindi.

Hapo sauti ya upole ikatoka nyuma.

"Baba, simamisha gari. Hiyo kitu iko chini ya mabati na miti iko juu, itaona mbingu aje? Weka kwa boneti, mahali wazi, na usiisongeshe. Imezimwa siku mingi, bado inafikiri iko kule ilizimiwa. Ngoja ikumbuke."

Je, si ningeshtuka? Mama mkwe wangu hakuwa amewahi kunisemesha ana kwa ana, na hata simu hajui kupiga, hupigiwa na wajukuu. Lakini roho yangu ilikuwa Bungoma. Mvua ilikuwa imekatika. Nikashuka, nikaiweka juu ya boneti, nikasimama nimeupa mlango wa nyuma mgongo. Baada ya kungoja sana, zile alama za setilaiti zikaanza kujaa moja moja, na ramani ikafunguka.

Tulifika Bungoma giza limeingia. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka na viatu vikielekea wodini. Sikutazama. Nikakaa kwenye benchi nikimwomba Mungu, mpaka muuguzi akatoka anatabasamu.

"Baba, umepata msichana. Huyo mama amesaidia kweli, hajaachilia mkono wa bibi yako."

Nikamwomba bawabu chaji. Simu kuwaka tu, shemeji akapiga. "Uko wapi, bana? Mama amekungoja hapo kwa mashine mpaka ameloa. Ati ulipotelea wapi?"

Nilikimbia wodini. Mke wangu alikuwa peke yake na mtoto. Akaniambia mama ametoka sasa hivi; kwa uchungu hakuwa ameuona uso wake vizuri, aliona leso tu. Alisema mkono wa mama ulikuwa baridi, na kabla ya kuondoka alimtemea mtoto mate kifuani, kama wazee wanavyobariki, akasema, "Huyu ni wangu."

Mama mkwe alifika siku ya pili. Nilikuwa nje ya mlango, nikamsikia akilia kama aliyefiwa. "Mwanangu aliniita," alisema, "na mwingine akaitika." Hajamshika mtoto yule mpaka leo. Anamwogopa. Mke wangu hanilaumu kwa mdomo, lakini najua, na inaniuma.

Wewe unayesoma haya, heshimu wakwe zako, sisemi uache. Lakini mtu akiingia kwenye gari lako, mwangalie usoni kwanza, umwulize jina. Afadhali wazee wakutoze mbuzi kwa kukosa adabu, kuliko kuona mtoto wako akimnyooshea bibi yake mikono, na bibi anainuka, anaenda kukaa mbali.